Haraszthy: Aliwaletea wenzake mbegu, gharama zikabaki kwake

Miongoni mwa viwanda vya mvinyo vinavyovutia wageni huko Sonoma, California nchini Marekani, ni Buena Vista. Mwanzilishi wake, Agoston Haraszthy, alizaliwa Hungaria mwaka 1812, akahamia Marekani mwaka 1840 na kuanzisha shamba hilo mwaka 1857.

Wakati huo wakulima wengi wa California walitegemea aina moja ya zabibu iliyoletwa na wamisionari, na mvinyo wake haukuwa na sifa. Haraszthy aliona dawa ni mbegu bora.

Mwaka 1861 gavana alimteua kuchunguza kilimo cha zabibu Ulaya. Alizunguka Ufaransa, Ujerumani, Italia na Hispania, akarudi na pingili zaidi ya 100,000 za mamia ya aina. Fedha alitoa mfukoni mwake, akitarajia kurudishiwa. Bunge la jimbo likakataa kumlipa.

Mwaka 1863 aliingiza wenye mitaji katika shamba lake, na miaka michache baadaye akapoteza uongozi. Alifariki Nicaragua mwaka 1869.

Mkulima unayetumwa kazi na serikali au mnunuzi, hakikisha malipo yameandikwa kabla hujagusa akiba yako.