George Eastman: Aliyeiweka Kamera Mikononi mwa Watu

Mwanafunzi, kwanza futa kosa linalowapotezea wengi alama: Eastman hakuvumbua kamera wala upigaji picha. Njia ya Daguerre ilitangazwa Ufaransa mwaka 1839, miaka 15 kabla Eastman hajazaliwa.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alifariki mwaka 1862, naye akaacha shule akiwa na miaka 14 ili amsaidie mama yake. Alianza kazi katika ofisi ya bima, baadaye akawa karani wa benki mjini Rochester.

Mwaka 1877 alinunua vifaa vya kupigia picha. Hebu wazia mzigo wenyewe: kamera kubwa, stendi yake, hema la giza, chupa za dawa na vioo. Kioo kilipakwa dawa papo hapo, kikapigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Eastman aliona hiyo ni adhabu. Mchana alikuwa benki. Usiku alichanganya dawa jikoni kwa mama yake, hadi akapata vioo vikavu vilivyoweza kutengenezwa mapema na kuuzwa. Kisha akageukia mkanda: kwanza wa karatasi, na mwaka 1889 wa selulodi.

Kamera ya Kodak (jina alilolibuni tu, halina maana) ilitoka mwaka 1888 kwa dola 25, ikiwa na mkanda wa picha 100. Ukizimaliza, uliirudisha kamera nzima Rochester pamoja na dola 10, ukaletewa picha zako na kamera yenye mkanda mpya. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kwa dola 1 tu. Hata mtoto aliweza kuwa nayo.

Sasa soma hapa polepole. Kasisi Hannibal Goodwin aliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya mkanda wa selulodi mwaka 1887, miaka miwili kabla Eastman hajauza wa kwake. Aliipata mwaka 1898, akafa mwaka 1900. Kesi iliendelea, na mwaka 1914 kampuni ya Eastman ililipa dola milioni 5. Goodwin hakuziona. Ukiulizwa kama Eastman alikuwa mvumbuzi au mfanyabiashara, usimsahau kasisi huyu. Kwa maoni yangu, biashara ndiyo iliyokuwa kipaji chake kikubwa.

Hakuoa. Alitoa mamilioni kwa vyuo na hospitali, mara nyingine kwa jina la bandia, na mwaka 1926 alikuja Kenya kwa safari ya uwindaji. Tarehe 14 Machi 1932, akiteswa na ugonjwa wa uti wa mgongo, alijiua.

Mkanda wa 120, uliotoka mwaka 1901 pamoja na Brownie namba 2, bado unatengenezwa. Ndiyo maana wakusanyaji wa kamera za zamani huipigia picha hadi leo, mradi sanduku lake halivujishi mwanga.