Carter G. Woodson: Mchimba Makaa Aliyeanza Sekondari na Miaka 20, Akatuachia Black History Month

Kila Februari unaona mastaa wa Marekani wakipost vitu za Black History Month. Unalike, unasonga. Sasa cheki msee aliyeanzisha hiyo maneno.

Carter G. Woodson alizaliwa tarehe 19 Desemba 1875, New Canton, Virginia. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa, kwa hivyo usiwaze familia ya doo. Shule alienda tu wakati kazi ya shamba ilimruhusu. Akiwa kijana akahamia West Virginia kuchimba makaa ya mawe, kazi noma ile mbaya.

Huko mgodini ndio kichwa yake ilifunguka. Mchimbaji mwenzake, Oliver Jones, alikuwa amegeuza keja yake kuwa kahoteli ka wachimbaji weusi, na ndani kulikuwa na vitabu na magazeti. Shida ni kwamba Jones hakujua kusoma. Wakaelewana: Woodson awasomee maboyz, naye apewe msosi bure. Jones alikuwa amepigana kwa ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Wazee wakisikia habari wanaanza kubonga, na Woodson anaskiza historia ambayo vitabu vya shule havikuwa nayo.

Sekondari aliingia akiwa karibu miaka 20. Ndio, 20! Akaimaliza chini ya miaka mbili, akaenda kufunza Ufilipino, na 1912 akapata PhD ya historia Harvard. Mtu mweusi wa kwanza kuipata hapo alikuwa W.E.B. Du Bois, yeye akawa wa pili. (Sisi tuliotoka campus katikati tumenyamaza.)

Mwaka wa 1915 akaanzisha chama cha kuchunguza historia ya watu weusi, na 1916 jarida lake. Lakini jarida husomwa na maprofesa. Nani angepelekea mtaa hizi habari?

Hapo ndio mbogi yake ya chuo inaingia. Omega Psi Phi ilianzishwa tarehe 17 Novemba 1911, Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na wanafunzi watatu pamoja na mwalimu wao, Ernest Just. Ukiwaona na zile rangi zao za zambarau na dhahabu unaweza dhani ni mambo ya bash tu. Woodson alikuwa mwanachama, na 1920 akawasukuma waifanye hiyo kazi. 1924 wakaitikia na wiki nzima ya historia na fasihi ya watu weusi. Wakaipeleka mbali, lakini Woodson alitaka mbali zaidi, so Februari 1926 akaizindua upya kupitia chama chake.

Na wale hulalamika ati walipewa mwezi mfupi zaidi? Si wazungu walichagua. Ni Woodson, juu wiki hiyo iko na birthday ya Abraham Lincoln na ya Frederick Douglass, ambazo weusi walikuwa washazoea kusherehekea.

1933 akatoa kitabu, The Mis-Education of the Negro. Kama jina la albamu ya Lauryn Hill limekujia kichwani, hujakosea.

Hakuoa. Ofisi ya chama ilikuwa kwa nyumba yake Washington, na humo ndimo alifariki tarehe 3 Aprili 1950. Wiki yake ikawa mwezi mzima 1976.