Francis O'Neill: Polisi Aliyerudisha Nyimbo Kwao

Mtu akihama kwao huacha mengi nyuma: shamba, makaburi ya wazee, na sauti alizolelewa nazo. Mwanzoni barua hufuatana. Baadaye huanza kuchelewa, na mwishowe jina la jamaa aliye mbali hubaki la kutajwa katika sala tu. Kwa hiyo leo nimeona niwasimulie wasomaji habari za Francis O'Neill, Mwairishi aliyepata kuwa Mkuu wa Polisi wa mji wa Chicago, Marekani. Bwana huyu alikataa kukatika na kwao, na kamba aliyoishika ilikuwa ni muziki.

Alizaliwa mwaka 1848 katika kijiji cha Tralibane, karibu na mji wa Bantry, kusini-magharibi mwa Ireland. Wakati huo nchi ilikuwa katikati ya njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi. Kati ya 1845 na 1852 watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakapanda meli kwenda ng'ambo. Hata hivyo, jamaa za O'Neill hawakukosa nyimbo. Babu yake mzaa mama alikuwa akiwakaribisha nyumbani wapiga ala wapitao njia, naye mama yake alizihifadhi nyimbo zao kichwani. Kijana mwenyewe akafunzwa filimbi na bwana mmoja wa jirani.

Mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 16, aliondoka nyumbani akawa baharia. Safari moja ilimfikisha katika bahari ya Pasifiki, na huko merikebu yao ikavunjika kwenye kisiwa cha Baker, kisiwa kikavu kisicho na kitu ila samadi ya ndege. Walipookolewa, chakula kilikuwa haba mno melini. Bahati yake ni kwamba mmoja wa mabaharia wa meli ile, mzaliwa wa visiwa vya Pasifiki, alikuwa na filimbi. O'Neill akaiomba, akaipiga, na mwenyewe akapendezwa hata akawa anamgawia chakula chake. Wenzake walifika bandarini wamedhoofika, lakini yeye alikuwa mzima. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba alichotoka nacho kijijini hakikuwa mchezo wa kitoto.

Baadaye alichunga kondoo huko California, akafundisha shule Missouri, akaoa, na mwaka 1873 akaingia polisi mjini Chicago. Mwezi wake wa kwanza kazini alipigwa risasi na mwizi, na risasi ile aliishi nayo mwilini mpaka kufa kwake. Alipanda cheo baada ya cheo hata mwaka 1901 akawa mkuu wa kikosi chote, akakiongoza hadi 1905.

Sasa tazama jambo lililomshughulisha baada ya saa za kazi. Chicago ya siku zile ilijaa Waairishi kutoka kila pembe ya nchi yao. Kule nyumbani, mtu wa Cork na mtu wa kaskazini wangeweza kuishi mpaka uzee bila kukutana. Hapa walipanga nyumba mtaa mmoja, na kila mmoja alikuja na mahadhi ya kwao. O'Neill akawa mwindaji wa mahadhi hayo. Akisikia mtu anapiga fidla, au zumari ya Kiairishi ambayo upepo wake hutoka katika mvukuto unaobanwa chini ya kiwiko, hakumwachia mpaka wimbo umemkaa kichwani. Wapiga ala kadhaa aliwasaidia kupata kazi ya polisi, mpaka watani wakasema kwamba kujua muziki kulitosha kumvisha mtu sare.

Lakini alikuwa na upungufu mmoja mkubwa: hakujua kuandika muziki kwa alama. Aliyemfaa ni polisi mwenzake, James O'Neill, ambaye walilingana jina tu bila ya kuwa ndugu. Francis alimwimbia au kumpigia filimbi, naye James akaandika. Kwa njia hiyo kilitoka mwaka 1903 kitabu chenye nyimbo 1,850, na mwaka 1907 kingine cha nyimbo 1,001 za ngoma.

Katikati ya kazi hiyo msiba ulimfika. Mwaka 1904 mwanawe Rogers, kijana wa miaka 18, alifariki dunia. Tangu hapo muziki haukupigwa tena nyumbani kwa O'Neill, kwa kuheshimu majonzi ya mkewe. Fikiri, msomaji: mtu aliyekusanya nyimbo za taifa zima anaishi katika nyumba iliyo kimya. Pamoja na hayo hakuacha kukusanya wala kuandika.

Mwaka 1906 alifunga safari kwenda Ireland. Wapiga ala aliowajua utotoni hawakuwapo tena, kwa kuwa wengine walikufa na wengine walihama kama yeye. Nyimbo alizozikosa kule zilikuwa zimeandikwa tayari katika kitabu chake huko Chicago. Ndipo mawasiliano yakageuka. Badala ya mhamiaji kungojea habari za kwao, yeye ndiye aliyewapelekea watu wa kwao mali yao. Aligawa nakala nyingi bure, akaandikiana barua na wapenzi wa muziki, na akampelekea padri msomi Richard Henebry silinda za nta zilizonasa sauti ya zumari ya Patsy Touhey, fundi mkubwa aliyeishi Marekani. Sauti ya mhamiaji ikavuka bahari kurudi ilikotoka.

Vitabu vingine vilifuata, vikiwemo vya mwaka 1910 na 1913 vyenye habari za wanamuziki wenyewe, ili majina yao nayo yasipotee. Mwaka 1931 aliitoa maktaba yake kwa Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwaka 1936 akafariki mjini Chicago.

Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi naona O'Neill aliondoka kwao bila ya kuiacha asili. Wengi tuliotoka mashambani kuja mjini hudhani tumetimiza wajibu tukituma fedha na salamu. Fedha huliwa zikaisha. Nyimbo zile bado zinapigwa Ireland, na wapiga ala wa huko wamejifunza kutoka kitabu cha 1907 kizazi baada ya kizazi. Pale Tralibane nako imesimama sanamu ya mwana wao, filimbi mdomoni.