Blumberg na kikulacho kilichojificha damuni

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Homa ya ini aina ya B yaweza kukaa mwilini kwa miongo mingi bila macho kugeuka manjano, hadi ini linyauke au liingiwe na saratani. Aliyekifichua kikulacho hiki ni Baruch Blumberg.

Blumberg alizaliwa New York tarehe 28 Julai 1925. Alihudumu katika jeshi la wanamaji, akasomea fizikia na hisabati, kisha akageukia udaktari na kuhitimu mwaka wa 1951. Akiwa bado mwanafunzi alifanya kazi Moengo, nchini Suriname. Huko aliona kwamba vijidudu vya matende viliwaandama watu wa asili moja kuliko wa asili nyingine. Kwa nini ugonjwa umpate huyu na kumwacha yule? Swali hilo likawa dira ya maisha yake.

Akakusanya damu ya watu wa mataifa mengi. Katika miaka ya 1960, damu ya Mmarekani aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi ilionekana kushikana na protini iliyomo katika damu ya mwenyeji asilia wa Australia. Protini hiyo ikaitwa antijeni ya Australia. Kufikia mwaka wa 1967, Blumberg na wenzake walikuwa wameihusisha na ugonjwa wa ini. Baadaye ikabainika kuwa ni gamba la nje la kirusi chenyewe. Mwaka wa 1969, yeye na Irving Millman walibuni njia ya kuunda chanjo, nayo chanjo ya kwanza ikaidhinishwa Marekani mwaka wa 1981. Tayari alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1976, pamoja na Carleton Gajdusek. Alifariki tarehe 5 Aprili 2011. Siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Sisi wanaisimu tuna neno hapa. Jina homa ya ini limezoeleka, lakini linahadaa: asiye na homa hudhani yu salama. Mchochota wa ini ni istilahi iliyo karibu zaidi na ukweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 watu milioni 254 waliishi na aina ya B iliyo sugu, na wengi wao hawakujua.

Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Hata hivyo, walimu wengi walizaliwa kabla ya chanjo hiyo kuingizwa katika ratiba ya watoto. Dawa kama tenofovir huvidhibiti virusi na kulilinda ini, ingawa kwa kawaida humezwa kwa miaka mingi. Lakini hakuna atibiwaye asilolijua. Mwalimu na mwanafunzi, nendeni mkapimwe. Asiyeambukizwa na achanjwe. Hiyo ndiyo shukrani imfaayo Blumberg.