Fundi wa nyuso aliyetoka Poland

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba kazi ya kumpamba mtu uso ni ya yule aliyekosa kazi nyingine. Binti akimweleza babake kuwa anataka kusomea upambaji, aghalabu ataulizwa kama alama zake hazikutosha kumpeleka kwenye ualimu. Ndiyo sababu naona yafaa leo tumtazame Max Factor. Wengi wameliona jina hilo kwenye mikebe ya poda, wakadhani ni la kampuni tu, si la binadamu aliyezaliwa, akahangaika na akafa.

Alizaliwa katika miaka ya 1870 nchini Poland, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya himaya ya Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini wenye watoto wengi, naye hakupata anasa ya kukaa shuleni. Kabla hajatimiza umri wa miaka 10 alikuwa tayari anafanya kazi, na punde akawekwa chini ya fundi wa nywele za bandia. Huko alijifunza kufunga unywele mmojammoja kwenye wavu, kazi inayotaka subira kuliko nguvu. Alifanya kazi Berlin, kisha Moscow kwenye jumba la opera, akatumikia jeshi, na hatimaye akafungua duka lake katika mji wa Ryazan.

Sifa zake zilifika hadi katika nyumba ya mfalme wa Urusi. Mtu angefikiri hiyo ilikuwa neema, lakini kwa Max ilikuwa kifungo. Hakuwa na uhuru wa kwenda atakako, na hata mke alimwoa kwa siri. Nao Wayahudi walikuwa wakishambuliwa na kuuawa katika miji ya himaya hiyo. Husimuliwa katika familia yake kwamba mwaka wa 1904 alijipaka usoni rangi ya manjano, akaonekana kama mgonjwa wa ini, akapewa ruhusa ya kwenda kutibiwa. Badala ya kurudi akatoroka na mkewe na watoto hadi Marekani. Basi wanaoudharau upambaji na waitafakari rangi hiyo ya manjano.

Marekani haikumpokea kwa shangwe. Aliuza bidhaa zake kwenye maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis mwaka huo wa 1904, na mshirika wake akamtoroka na mali pamoja na fedha. Mwaka wa 1906 mkewe alifariki, akamwachia watoto wanne. Mwaka wa 1908 alihamia Los Angeles, ambako utengenezaji wa filamu ulikuwa ukichipuka.

Hapo ndipo ufundi wake ulipopata mahali pake. Waigizaji wa wakati huo walijipaka rangi nzito ya mafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya jukwaa. Jukwaani mtazamaji huketi mbali, kwa hiyo hakuna aliyejali. Lakini kamera husogea karibu. Mwigizaji akicheka, rangi ile ilipasuka usoni kama udongo uliokaushwa na jua. Mwaka wa 1914 Max alitoa rangi nyepesi, laini kama malai, iliyotiwa ndani ya kijaa kidogo na iliyokuwa na vivuli 12. Ilipakwa nyembamba, nayo ikakunjika pamoja na ngozi.

Tena filamu za kwanza hazikuiona rangi nyekundu. Mdomo mwekundu ulitokea mweusi, shavu lenye wekundu likaonekana chafu, na macho ya buluu yakafifia hadi kuwa meupe. Filamu mpya na taa mpya zilipoingia mwaka wa 1928, hesabu yote ilibadilika, na Max akalazimika kuanza upya. Nadhani hili ndilo alilowapita wenzake: alijua kwamba mpambaji hapaki uso peke yake, bali hupaka uso ulio chini ya mwanga fulani. Bibi arusi wetu anayepakwa chumbani chini ya balbu moja, kisha akapigwa picha kwenye jua la saa saba, uso mweupe na shingo nyeusi, amepambwa na mtu asiyelijua somo hilo.

Filamu za rangi zilipokuja, yeye na mwanawe Frank walitengeneza kipodozi kikavu kilichopakwa kwa sifongo lenye maji, kisichong'aa wala kuakisi rangi za nguo. Kilitumika katika filamu iliyotolewa mwaka wa 1937, na husemekana waigizaji walikiiba wakaenda nacho nyumbani. Mwaka uliofuata kikauzwa madukani. Max mwenyewe alifariki mwezi wa Agosti 1938, na Frank akalichukua jina la babake ili biashara isiyumbe.

Hata hivyo, siwezi kumsifu bila kutaja jambo moja. Alifundisha kwamba kipodozi kilingane na nywele, macho na ngozi ya mwenyewe, fikira njema kabisa. Lakini alipowagawa wanawake, aliwagawa kwa nywele za dhahabu, za hudhurungi, nyekundu na nyeusi za Kizungu. Mwanamke wa Kiafrika hakuwa na chumba katika nyumba hiyo. Miaka michache baada ya kifo chake, studio ya MGM ilimwajiri mwimbaji mweusi Lena Horne, ambaye ngozi yake ilikuwa nyeupe mno kwa matakwa yao. Kampuni ya Max Factor ikaagizwa kuchanganya rangi ya kumtia weusi. Lena mwenyewe alisimulia baadaye kwamba rangi hiyo iliishia kupakwa waigizaji wa Kizungu, wakapewa nafasi za wanawake weusi ambazo yeye alinyimwa.