Walter Plowright: Aliyekata makali ya sotoka

Mfugaji wa Kinango, Kaunti ya Kwale, ana maradhi mengi ya kuhofia zizini, lakini sotoka si mojawapo tena. Ugonjwa huo, ulioingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulifyeka mifugo na kuwatumbukiza wafugaji, hasa Wamaasai, katika njaa kuu. Mtaalamu aliyefungua njia ya kuuangamiza hatajwi sana hata nchini Kenya, alikofanyia kazi hiyo.

Dkt Walter Plowright alizaliwa Uingereza mwaka 1923, akahitimu tiba ya mifugo mwaka 1944 na, baada ya kutumikia jeshi, akaajiriwa na serikali ya kikoloni. Alihudumu Kenya na Nigeria kabla ya kutulia Muguga, karibu na Nairobi, mwaka 1956.

Chanjo ya sotoka ilikuwapo. Hata hivyo ile iliyozoeleka, iliyopatikana kwa kupitisha virusi katika miili ya mbuzi, ilikuwa kali mno kwa baadhi ya ng'ombe, na wengine walikufa kwa dawa iliyokusudiwa kuwaokoa. Mfugaji aliyeficha mifugo yake siku ya chanjo hangelaumiwa.

Plowright na mwenzake R.D. Ferris walivikuza virusi katika seli za figo za ndama, wakavihamisha kutoka chombo hadi chombo takriban mara 90, hadi vikapoteza uwezo wa kumdhuru ng'ombe bila kupoteza uwezo wa kuuamsha mwili ujikinge. Hapo ndipo penye ugumu wa chanjo yoyote ya vijidudu hai: visipolegezwa vya kutosha huleta ugonjwa wenyewe, vikilegezwa kupita kiasi, mwili hauvijali. Chanjo ya surua, ambayo virusi vyake ni vya jamaa moja na vya sotoka, hufuata kanuni iyo hiyo.

Sindano moja ilimkinga ng'ombe maishani, tena kwa gharama ndogo. Dosari ilikuwa joto, ambalo liliiharibu chanjo upesi katika nchi kavu za wafugaji. Aina inayolistahimili ilitengenezwa baadaye na wengine.

Plowright alirejea Uingereza mwaka 1971, na mwaka 1999 akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Kisa cha mwisho cha sotoka kilithibitishwa mwaka 2001 miongoni mwa nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani, wa pili baada ya ndui. Plowright hakulisikia tangazo hilo. Alifariki Februari 2010, akiwa na umri wa miaka 86.