Abebe Bikila na Somo la Msuguano

Katika ufundishaji wa sayansi katika shule za msingi, mada ya msuguano mara nyingi huelezwa nusu. Mwalimu huandika ubaoni kwamba msuguano ni kani inayozuia vitu kusogea, wanafunzi hunakili, na tangu siku hiyo huuona kuwa ni adui wa mwendo. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Kwa ajili ya walimu wanaojiandaa kwenda kufundisha, tumeona vema kusimulia maisha ya mwanariadha mmoja mashuhuri wa Afrika Mashariki, kwani katika maisha hayo msuguano unaonekana kwa sura zake zote.

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nchini Ethiopia, akakulia katika nyanda za juu. Mtoto wa Suji, katika milima ya Upare ya Kusini, Wilaya ya Same, hatapata taabu kuielewa nchi ya namna hiyo. Huko Suji nako njia hupanda na kushuka, na mtoto hujua kukanyaga vema kabla hajajua kusoma. Mvua inyeshapo na udongo kuwa telezi, yeye hufupisha hatua, hukaza vidole vya miguu, na hutafuta jiwe au majani ya kukanyagia. Hajafundishwa neno msuguano, lakini tayari anautafuta.

Abebe alipofikia ujana alijiunga na kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie. Hapo alipata mwalimu wa riadha, Onni Niskanen, mzaliwa wa Ufini aliyekuwa raia wa Uswidi. Mwaka 1960 alipelekwa Roma kushiriki mbio za marathoni za Olimpiki, yaani kilometa 42 na mita 195. Huko alijaribu viatu vipya, lakini havikumkaa vizuri, vikamtoa malengelenge. Basi akaamua kukimbia pekupeku, kama alivyokwisha kuzoea katika mazoezi.

Hapa yafaa mwalimu asimame kidogo na kuuliza maswali mawili. La kwanza: lengelenge hutokana na nini? Hutokana na ngozi kusuguliwa mara nyingi na kitu kinachochezacheza juu yake. Huo ni msuguano mahali usipotakiwa. La pili: mkimbiaji husongaje mbele? Mguu wake huisukuma ardhi kuelekea nyuma, nayo ardhi, kwa njia ya msuguano, humsukuma yeye kuelekea mbele. Wayo ukiteleza, nguvu ya mguu hupotea bure. Huo ni msuguano mahali unapotakiwa. Pasipo huo hakuna mbio, na hata kutembea hakuna.

Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960 Abebe alikimbia pekupeku katika barabara za Roma, ikiwamo ile ya kale iitwayo Via Appia. Giza lilipoingia, njia iliangazwa kwa mienge. Karibu na mwisho alimwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko, akamaliza kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa muda mfupi kuliko huo.

Habari hii husimuliwa mara kwa mara, na wengine huihitimisha vibaya, kana kwamba ushindi ulitokana na kukosa viatu. Mwalimu asikubali hitimisho hilo. Tarehe 21 Oktoba 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Abebe alishindana tena mjini Tokyo. Safari hii alivaa viatu vilivyomkaa, akamaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, muda bora kuliko ule wa Roma kwa dakika 3 hivi. Akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Kiatu chema hushika ardhi kwa soli yake, wala hakimsugui mvaaji. Tena humkinga na miiba, vigae na minyoo. Mwanafunzi anayekwenda shuleni pekupeku kwa kukosa viatu asiambiwe kwamba hiyo ni bahati.

Katika michezo ya Mexico mwaka 1968, Abebe alijitoa njiani kwa sababu ya maumivu ya mguu, na mwenzake Mamo Wolde akashinda. Ni katika mbio hizo hizo John Stephen Akhwari wa Tanzania alipoanguka, akaumia, lakini akajikokota hadi mwisho.

Mwezi Machi 1969 motokaa ya Abebe ilipinduka, naye akapooza miguu. Alipelekwa katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, lakini hakuweza kutembea tena. Mtu aliyeishangaza dunia kwa nyayo zake akawa anakwenda kwa kiti cha magurudumu. Hata hivyo hakuacha michezo. Alijifunza kulenga shabaha kwa upinde, na mwaka 1971, katika mashindano ya watu wenye ulemavu nchini Norwe, alishinda mbio za kilometa 25 za kigari cha kuteleza juu ya theluji, kikokotwacho na mbwa.

Tulinganishe vyombo hivyo viwili. Katika kiti cha magurudumu, mkono sharti ulishike gurudumu, na mpira wa gurudumu ushike sakafu. Lakini pale penye ekseli hutiwa grisi ili msuguano upungue. Katika kigari cha theluji, vyuma vya chini hutakiwa kuteleza, lakini makucha ya mbwa hutakiwa kushika. Gari lishukalo kutoka Suji kwenda Makanya nalo ni hivyo hivyo: breki na matairi huhitaji msuguano, lakini injini huhitaji mafuta ya kuupunguza. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwanafunzi si kama msuguano ni mwema au mbaya. Swali ni hili: katika mwendo huu, unatakiwa wapi, na hautakiwi wapi?

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Chukua ubao mpana na vipande vitatu vya mti vyenye ukubwa mmoja. Kimoja kiache kilivyo, cha pili kifunge kipande cha mpira wa baiskeli, cha tatu kipake sabuni iliyoloweshwa. Viweke juu ya ubao, kisha inua upande mmoja wa ubao polepole. Wanafunzi wapime kwa rula kimo cha upande huo kila kipande kinapoanza kuteleza, na waandike vipimo katika jedwali. Kisha warudie wakiwa wamemwaga maji juu ya ubao. Kabla ya kila jaribio watabiri, na baada yake waeleze kwa nini walipatia au walikosea. Mwishoni wachunguze soli za kandambili, za katambuga na za viatu vya michezo, wazipange kwa jinsi wanavyodhani zitashika njia yenye matope.

Abebe Bikila alifariki mjini Addis Ababa tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Mwalimu atakayesimulia maisha yake darasani asiishie kwenye medali. Awaongoze wanafunzi wazitazame Roma, Tokyo na Norwe moja baada ya nyingine, na kila mahali waonyeshe ni kitu gani kilichoshika na ni kitu gani kilichoteleza. Mwanafunzi awezaye kufanya hivyo ameuelewa msuguano. Yule aliyenakili maana yake tu bado hajauelewa.